Muulize Mkunga: Mtoto tumeshamjulia hali, na mama je?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeanza kwa kuomba radhi. "Samahani kwa swali la aibu." "Samahani, naambiwa ni kitu cha kawaida." Wengi walioandika wamejifungua hivi karibuni, na kila anayekuja kuwatembelea anauliza mtoto ana kilo ngapi, ananyonya vizuri, usiku analala. Hakuna anayeuliza kama mama amepata choo, kama anaweza kukaa bila maumivu, kama damu imepungua. Nimezeeka kwenye kazi ya ukunga na jambo hili bado linaniuma. Mwanamke aliyetoka kuzaa ana jeraha hata kama hakuchanika wala hakupasuliwa, maana pale kondo la nyuma lilipobanduka ndani ya mfuko wa uzazi panabaki kidonda kibichi chenye upana wa kiganja. Mtu mwenye kidonda cha namna hiyo mguuni asingeombwa ainuke apokee wageni.

Kwa hiyo msiniombe radhi. Ulizeni.

Naogopa kwenda chooni

*Shikamoo Mama Mkunga. Nimejifungua mtoto wa kwanza siku tano zilizopita. Niliongezewa njia nikashonwa. Tangu siku hiyo sijapata choo kikubwa, naogopa nyuzi zitafumuka. Nikikojoa panachoma mno. Nimeambiwa nijisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu kila nikitoka chooni, lakini ndiyo inazidi kuniunguza. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Nyuzi hazitafumuka. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha raha. Msamba hushonwa kwa tabaka, misuli kwanza kisha ngozi, na kwenda haja hakuna nguvu ya kuufumua mshono wa namna hiyo. Kinachokuumiza ni kule kungoja. Kadiri unavyobana, utumbo unaendelea kufyonza maji kwenye choo, kinakauka, na siku kitakapoamua kutoka ndipo utakapolia.

Leo hii anza kunywa maji ya kutosha. Kila unapokaa kunyonyesha, glasi iwe karibu yako. Kula matunda, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa. Haja ikibisha, nenda wakati huo huo, mtoto atapokewa na mtu mwingine. Kama choo chako ni cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu kuliko nyonga, kisha inama mbele. Chukua pedi safi, iweke juu ya mshono kwa upande wa mbele, uishikilie kwa kiganja wakati unasukuma. Usibane pumzi, acha mdomo wazi, pumzi itoke taratibu. Nimewaona akina mama wakiingia chooni wanatetemeka na kutoka wanacheka kwa sababu tu ya ile pedi: inashikilia pale panapotisha, na mwili unakubali kuachia. Ikifika kesho bado hujapata, muulize mfamasia dawa ya kulainisha choo. Laktulosi, kwa mfano, inafaa kwa mama anayenyonyesha.

Ile dawa ya kuua vijidudu iweke kando. Maji safi peke yake yanatosha. Jimiminie ya uvuguvugu wakati unakojoa, mkojo utachanganyika nayo na hautaunguza sana. Ukimaliza, jikaushe kwa kugusagusa, si kwa kusugua, na siku zote kutoka mbele kwenda nyuma. Badilisha pedi kila baada ya saa chache hata kama haijajaa. Panapofura, barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa safi, dakika 10 hadi 20 kisha uondoe, inasaidia sana siku hizi za mwanzo. Parasetamoli unaruhusiwa. Nyuzi zenyewe huyeyuka bila kutolewa, na ukiokota kipande kidogo cha uzi kwenye pedi baada ya wiki moja au mbili usishtuke.

Jambo moja nakuomba ulifanye japo hulipendi. Chukua kioo, kaa kwenye mwanga, jitazame. Ukijua leo pakoje, keshokutwa utajua panapona au panaharibika. Maumivu ya mshono yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakiongezeka, pakiwa na harufu mbaya au usaha, mshono ukiachia, au ukapata homa, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Na kama upepo au choo kinakutoka bila wewe kutaka, sema wazi, usisubiri kuulizwa: inawezekana mchaniko ulifika kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, na huo unahitaji daktari.

Mtoto wa nne, chango kali kuliko la wa kwanza

*Mama, habari za kazi. Huyu ni mtoto wangu wa nne, ana siku tatu. Kila akinyonya tumbo linanikata kama uchungu umeanza upya, na damu inaongezeka. Kwa mtoto wa kwanza sikuyaona haya. Kuna kitu kimebaki ndani?*

Njema, dada yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, mwili wako unafanya kazi yake. Mtoto anaponyonya, ubongo unatoa homoni ya oksitosini, ambayo inashusha maziwa na wakati huo huo inaubana mfuko wa uzazi. Mfuko huo ulikuwa na uzito wa karibu kilo 1 ulipomaliza kuzaa, na ndani ya wiki sita utarudi chini ya gramu 100. Misuli ya mzazi wa mara ya kwanza hujibana ikakaa hivyo. Ya aliyezaa mara kadhaa inabana, inalegea, inabana tena, na huko kubana upya ndiko kunakokukata. Nenda haja ndogo kabla ya kunyonyesha, maana kibofu kilichojaa kinaupandisha mfuko wa uzazi na kuuzuia usijibane vizuri. Meza ibuprofeni au parasetamoli nusu saa kabla, isipokuwa kama uliambiwa ibuprofeni haikufai. Aspirini usitumie ukiwa unanyonyesha. Kwa kawaida chango linakwisha lenyewe katika siku chache.

Damu ya uzazi huwa nyekundu siku tatu au nne za mwanzo, ikageuka ya kahawia au waridi, kisha majimaji ya manjano au meupe, na kwa wengi inakoma kati ya wiki ya nne na ya sita. Ukiamka kitandani na kumiminika kidogo, hiyo ilikuwa imetuama ukeni ulipolala. Ikirudi nyekundu baada ya wewe kuzunguka kutwa nzima, pumzika. Ikitulia, umejua kiasi chako. Lakini pedi kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, na ya pili vivyo hivyo, au ukitoa bonge kubwa kuliko yai, au damu ikanuka vibaya, au ukasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, hapo hakuna cha kulala ukiangalia. Mtu akupeleke hospitali, saa yoyote.

Nikicheka mkojo unanitoka

*Shikamoo mama. Mtoto wangu ana miezi minne. Nikikohoa, nikicheka au nikinyanyua kitu, mkojo unatoka. Mama yangu na dada zangu wanasema ndivyo ilivyo kwa aliyezaa, wao pia wako hivyo. Nimeacha kunywa maji nikiwa na safari na nimeacha mazoezi. Nina miaka 27. Ndiyo nitaishi hivi?*

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, hutaishi hivi.

Dada zako wamesema kweli nusu. Ni tatizo la wengi, karibu mama mmoja kati ya watatu hupatwa nalo baada ya kuzaa. Nusu iliyobaki hawakuambiwa: linatibika, na tiba ya kwanza haina dawa wala kisu. Naumia ninapofikiria wanawake wa nyumba moja wanaorithishana pedi za mkojo kwa sababu kila mmoja aliambiwa na aliyemtangulia kwamba ndivyo ilivyo.

Chini ya kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele wa kinena hadi kitokono. Inabeba vyote hivyo na ndiyo inayofunga njia ya mkojo unapokohoa. Mimba huilemea miezi yote, na kuzaa kwa njia ya kawaida kunaivuta zaidi. Misuli iliyovutwa inahitaji kufundishwa upya, na kinachowashinda wengi ni kuipata. Kliniki huwa namwambia mama alale chali, akunje magoti, aweke kiganja juu ya tumbo chini ya kitovu. Namwambia: bana kana kwamba unazuia upepo mbele za watu; sasa, bila kuachia hapo, bana na mbele kana kwamba unazuia mkojo; sasa vuta vyote juu, kuelekea ndani. Kisha natazama kiganja chake. Kikisukumwa juu, anasukuma badala ya kuvuta, tunaanza upya. Makalio yakigandamana au mapaja yakikaza, amebana misuli isiyohusika. Akiacha kupumua, namwambia ahesabu kwa sauti, maana huwezi kuhesabu kwa sauti huku umeziba pumzi. Anayepatia, nje haonekani amefanya chochote.

Ukishaipata, bana ukihesabu hadi tatu au nne, achia kabisa, pumzika muda ule ule, rudia. Kuachia ni nusu ya zoezi, usikuruke. Lengo ni kufika kubana sekunde 10, mara 10, kisha ubane na kuachia haraka haraka mara nyingine 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, umelala, umekaa au umesimama. Wengi wanafanya wakati wa kunyonyesha na hawasahau. Usijizoeze kwa kukatisha mkojo chooni, kibofu hakitamalizika vizuri. Kikohozi kikikujia, bana kwanza ndipo ukohoe. Utahitaji miezi mitatu ya kufanya bila kuruka siku. Usinipime kwa wiki mbili.

Rudisha maji yako. Mkojo mzito unakiudhi kibofu na kukifanya kikuhimize zaidi. Kutembea endelea tu. Kukimbia na kuruka ngoja hadi uvujaji upungue, na hata asiyevuja namshauri asivianze kabla ya miezi mitatu. Miezi mitatu ya mazoezi ikiisha bila nafuu, au ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa wanawake.

Kuna uvujaji mwingine ambao mazoezi haya hayahusiki nao kabisa. Kama mkojo au choo kinapita ukeni mfululizo, usiku na mchana, bila kikohozi wala kicheko, hiyo huenda ni fistula, tundu linalobaki hasa baada ya uchungu uliokaa muda mrefu. Anayesoma hapa na yuko hivyo aende hospitali sasa. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, na ikigunduliwa mapema, ikiwa ndogo, mara nyingine mpira wa mkojo peke yake unatosha kuifanya ijifunge.

Ulikuwa uulizwe jambo hili tangu wiki ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka mama aonwe katika saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita, na kila mara aulizwe yeye mwenyewe habari za mkojo, choo, mshono, damu, matiti na hali ya moyo wake. Usipoulizwa, taja mwenyewe kabla hujafunga begi la mtoto.

Titi jekundu na homa

*Mama Mkunga, titi langu la kushoto limekuwa gumu upande mmoja, jekundu, na nina homa ya 38.5. Mtoto ana wiki tatu. Shangazi kaniambia nilikande kwa nguvu mpaka bonge liishe na nisimnyonyeshe kwa titi hilo. Ni kweli?*

Yote mawili usifanye. Maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto, na ukiacha ghafla yatajaa na kuongeza uvimbe. Mnyonyeshe kama kawaida, kwa kadiri anavyotaka. Usikamue kupita kiasi ukidhani unalimaliza, kwa kuwa titi linalokamuliwa sana linatengeneza zaidi. Kulikanda kwa nguvu kunaumiza tishu ambazo tayari zimefura. Weka kitu cha baridi baada ya kunyonyesha, meza ibuprofeni, lala. Homa isiposhuka ndani ya saa 24, au hali ikizidi kabla ya hapo, nenda ukapewe antibiotiki zinazofaa kwa anayenyonyesha. Bonge likibaki hata baada ya dawa, lipimwe, huenda ni jipu. Kama chuchu zimechanika, mwombe mkunga akutazame unavyomweka mtoto: anatakiwa aingize mdomoni sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kimegusa titi.

Mke wangu hacheki tena

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanamume, nisamehe kuandika huku. Mke wangu ana wiki ya saba tangu ajifungue. Mtoto akilala yeye halali, anatazama dari. Anasema mtoto angekuwa salama zaidi na mtu mwingine. Ndugu zake wanamwambia ajikaze, wenzake wamezaa na wako sawa. Nifanye nini?*

Marahaba, baba. Umefanya vizuri kuandika.

Machozi ya siku za mwanzo, yale yanayoanza siku ya tatu hivi, huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Wiki ya saba si hayo. Unayoyaeleza yana sura ya sonona baada ya kujifungua, na huo ni ugonjwa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hausababishwi na ulegevu, na kumwambia ajikaze kunamfundisha kuficha tu. Wazuie ndugu. Hiyo ni kazi yako, yeye hana nguvu nayo.

Kaa naye mahali pasipo na mtu, umwulize kwa maneno yaliyonyooka: "Umewahi kufikiria kufa, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampa pumzi, maana amelibeba peke yake. Akijibu ndiyo, mpeleke hospitali leo, na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo kama anasikia sauti, anashuku watu wanataka kumchukulia mtoto, au hajalala siku kadhaa na bado anazunguka kwa nguvu za ajabu. Hiyo ni hali nyingine, adimu lakini ya dharura.

Akijibu hapana, bado nendeni kliniki wiki hii, na uingie naye. Mweleze mhudumu yale yale uliyoniandikia, hasa lile la kutolala hata mtoto akilala. Waombe pia wampime wekundu wa damu na tezi ya shingo, vikiwa na kasoro humchosha mtu hivyo hivyo. Kuna tiba ya mazungumzo, na zipo dawa zinazotumika bila kumwachisha mtoto ziwa. Usiku, chukua zamu wewe. Akishanyonyesha, mtoto awe wako, umcheulishe, umbadilishe, umlaze chumba kingine ukiwa naye, mama apate saa nne au tano za kulala bila kushtuliwa. Nieleze baada ya wiki mbili.

Kwa kifupi

*Nywele zinanitoka mafungu mafungu, mtoto ana miezi minne.* Mimba ilizizuia nywele zisidondoke kwa wakati wake, sasa zinadondoka kwa pamoja. Kwa kawaida huanza karibu mwezi wa tatu na huwa zimerudi kabla ya mwaka kuisha. Usizisuke kwa kuzivuta.

*Nilipasuliwa miezi miwili iliyopita, juu ya mshono pana ganzi.* Mishipa midogo ya fahamu ilikatwa, hurudi polepole kwa miezi mingi. Kidonda kikishafunga vizuri, pagusepaguse kwa vidole kila siku ili ngozi izoee.

*Nanyonyesha, sijaona hedhi. Naweza kushika mimba?* Unyonyeshaji unakinga vizuri sana ikiwa masharti matatu yametimia yote: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja tu, tafuta njia nyingine. Yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo kuingoja hedhi ndiyo uanze kujikinga ni kuchelewa.

*Nina siku sita, kichwa kinauma tangu jana na naona vimulimuli.* Huyu nilimpigia simu siku niliyopokea ujumbe wake, nawaandikia wengine. Presha ya uzazi inaweza kupanda hata kwa ambaye wakati wa mimba ilikuwa sawa, na hatari yake inaendelea hadi wiki ya sita. Kichwa kikali kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, mojawapo likitokea nenda hospitali upimwe presha bila kungoja asubuhi. Nenda pia kama mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi imebana ghafla. Ukifika mapokezi, kabla hujataja kichwa, sema kwanza kwamba umejifungua siku sita zilizopita.